Sufuria ya Kamanyola

Bagira, le 1 octobre 2023

Shemeji Salima,

Ni mimi Barthélemy, bwana ya marehemu dada yako Asumini. Simu yangu ilianguka mu béton ku chantier, kule tunajenga, ikabaki mule. Sasa nyumba ya muntu iko na simu yangu ndani ya ukuta. Njo maana ninaandika. Carmel alitaka kuniandikia, nilikataa. Nilifika quatrième primaire, darasa ya ine. Barua ninaweza.

Batoto iko muzuri. Carmel anaenda masomo. Salwa pia. Banakula.

Pilau yako ilifika na Delphin mu taxi-bus yake. Ilikuwa na joto kidogo bado. Tulikula. Aksanti. Sufuria ninairudisha na ye Delphin. Niliisugua na muchanga, ndani na inje, mupaka masizi ya zamani yote ikatoka. Utaona. Inang'aa.

Sasa usitume tena chakula. Ku matanga ulisema mbele ya batu bote: mwanaume hawezi kulisha batoto, bora ubabebe kwako Kamanyola. Nilisema hapana, niko na mikono. Ukasema sawa, utangojea mupaka mwisho ya mwaka ya masomo, njo utakuya kukaa ku meza yetu na kuona na macho yako. Kama banakula muzuri banabaki. Kama hapana unababeba. Nilikubali. Basi ngojea. Ninabeba mawe na ciment tangu kijana. Sufuria ya batoto haiwezi kunishinda.

Shemeji yako,
Barthélemy


Kamanyola, 8 Oktoba 2023

Kwako Papa Carmel,

Salamu nyingi. Sufuria imefika. Nilifungua kifuniko mbele ya wateja wangu, nikaona uso wangu mwenyewe mule ndani. Kweli inang'aa. Nikafunga, nikaingia ndani, nikakaa chini.

Nilikukosea nini, shemeji? Umeishi na dada yangu miaka hii yote na hukujua desturi yetu? Sisi watu wa Uvira tulikuja nayo kutoka kwa babu zetu wa pwani. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Unatia kitu, hata limau moja, hata chumvi ya kufunika chini tu. Anayerudisha kitupu anasema: mimi na wewe, mwisho ni hapa. Ni watu wa tumbo moja tu wanaweza kurudishiana kitupu, juu wao hawana kitu cha kulipana. Mimi na Asumini tulikuwa hivyo. Mimi na wewe hatukutoka tumbo moja.

Kama unataka kuvunja undugu, uje useme kwa mdomo.

Na jambo la pili. Mimi ninauza chakula hapa barabarani, ndiyo kazi yangu. Ninamjua mtu aliyekula na mtu anayesema amekula. Umeandika "wanakula" ukaweka nukta. Wanakula nini? Jumatatu nini? Jumanne nini? Salwa anamaliza sahani? Huyo mtoto akiwa na huzuni anafunga mdomo, Asumini aliniambia.

Ninakurudishia sufuria na maharagwe ndani. Uifanyie unavyoona.

Salima


Bagira, le 15 octobre 2023

Shemeji Salima,

Nilikuwa ninamuona Asumini anakurudishia sufuria mutupu, kila mara. Nilifanya vile alikuwaka anafanya. Kwetu sisi kabila ya Bashi, chombo ya muntu unaosha, unarudisha, imeisha. Sikujua kama iko maneno ndani. Sitaki kuvunja kitu.

Leo mu sufuria iko sombe. Majani ya muhogo nilitwanga, nikapika mwenyewe. Uliuliza tunakula nini. Lundi sombe. Mardi nyama. Mercredi samaki. Jeudi kuku na muchele. Vendredi sombe tena, juu batoto banaipenda. Salwa anamaliza sahani na anaomba ingine.

Njo vile.

Barthélemy


Kamanyola, 22 Oktoba 2023

Kwako Papa Carmel,

Kama ulifanya alivyokuwa anafanya Asumini, basi nimekuelewa na hilo limekwisha. Nimemeza.

Sombe yako sijaimeza. Ni tamu, nimekula yote. Lakini si yako. Ile imetwangwa kwa mashini na imepikwa katika sufuria kubwa ya kulisha watu wa njia. Mawese yake yamechemka jana na leo tena. Sombe ya nyumbani inakuwa na kosa lake, chumvi imezidi kidogo au kuna ujiti. Hii haikuwa na kosa hata moja. Na huyo kuku wa Alhamisi, shemeji, aliingia Bagira kwa miguu yake mwenyewe?

Usinipikie maneno. Mimi simwoni vibaya mtu ambaye hajui kupika. Unafikiri kupika ni moto na chumvi. Hapana. Kupika ni lile swali la asubuhi: leo tunapika nini? Sisi wanawake tunaamka nalo, tunalala nalo. Mimi ninapikia watu mia wasiojulikana na bado nikirudi nyumbani ninasimama mbele ya makaa kama mtu aliyepotea njia. Usitafute jibu katika kichwa chako, kichwani hamna kitu. Toka nje, angalia soko, uliza watu.

Nimetia mchele wa huku kwetu, mbichi, na ndagala kavu, dagaa wa Uvira. Pika. Kisha uniandikie kilichotokea, si kile ulichotaka kitokee.

Salima


Bagira, le 12 novembre 2023

Shemeji Salima,

Sawa. Sombe ilikuwa ya Maman Rosalie, iko na malewa, anauzisha chakula hapa chini ya nyumba yetu. Tangu matanga tunakula kwake. Kuku hakuna. Nyama ilikuwa siku moja.

Muchele nilipika. Béton ninajua. Nikiona mélange ninajua kama maji imezidi, ata chef anakuya kuniuliza. Muchele ni munafiki. Juu ilikauka, chini iliungua, katikati ilibaki mbichi. Carmel alikula kwa sababu ni mutoto ya heshima. Salwa aliangalia sahani, akaisukuma.

Salwa hakuli. Njo ukweli. Anakula mukate na chai. Nguo yake ya masomo imekuwa kubwa, inamuzunguka.

Lakini sikia mambo ya fufu. Fufu nilipika haina ata kidonge moja. Ni kukoroga tu, kama mortier ya ciment, ni mambo ya mikono. Jirani alikuya kuangalia. Fufu yangu ninaweza kuweka mbele ya Monseigneur askofu.

Nilifanya vile ulisema, niliuliza batu. Nilianza na Aloys, tunabebaka naye mawe. Nikamuuliza, muke yako alikufungia nini ya kula midi, saa sita? Akasema, "Kumbe Maman Bart anatafuta mambo ya jiko." Sasa chantier yote inaniita Maman Bart. Ata chef. "Maman Bart, leta muchanga." Ninaleta muchanga. Lakini Aloys alisema: viazi na maharagwe, sufuria moja, kitunguu mingi. Nilipika samedi. Carmel alikula mara mbili. Acha baniite.

Nikishuka ku chantier ninapita Nyawera. Ninauliza bamama ba ku soko: kwenu jana mulikula nini? Mumoja alizani ninamutongoza. Alinipiga na fungu ya majani ya lenga-lenga mu uso, batu bakacheka mupaka ku parking ya pikipiki. Ile lenga-lenga niliokota, nikaenda nayo. Nilipika na ndagala zako. Ilikuwa muzuri.

Mu sufuria iko maavoka ya muti yetu. Bado ngumu, zitaiva kwako. Haiko mutupu.

Barthélemy


Bagira, le 17 décembre 2023

Chère Tantine Salima,

Ni mimi Carmel ninaandika. Papa jiwe ilimupiga kidole ya kuume ku chantier, hawezi kushika bic. Amekaa hapa anasema niandike, lakini mimi ninaandika pia yangu.

Muchele uliotuma kisha ya maavoka, na ule wa mbele, umekwisha. Papa anasema aksanti. Anasema muchele sasa anaushinda, ila juzi uliungua kidogo, lakini ni juu Salwa alimuita. Salwa anasema hakumuita.

Maman Rosalie anakuya kwetu kila jioni sasa. Tunasikia kicheko yake tangu ku barabara. Salwa anakaa ku miguu yake. Nyumba si kama mwezi ya septembre, sasa iko sauti ndani. Papa alinunua sahani mpya, za maua.

Jana tulikula sambaza za kukaanga, zile samaki ndogo za ziwa, na bitoke, ndizi za kupika. Salwa alikula kidogo. Kidogo tu.

Papa anasema usiandike ile ya muchele kuungua. Nimekwisha kuandika.

Mu sufuria iko viazi vitamu na fungu ya bishusha, majani ya boga. Papa alizichagua moja moja.

Bonne année mbele ya wakati.

Carmel


Kamanyola, 7 Januari 2024

Kwako Barthélemy,

Barua ya Carmel nimesoma. Mtoto hadanganyi.

Dada yangu hajamaliza mwaka mu kaburi na tayari kuna mwanamke jikoni kwake, anacheka mpaka barabarani, na watoto wa Asumini wanakaa miguuni pake. Umenunua na sahani za maua. Ungeniambia tu. Wewe ni mwanaume, hukuapa kubaki peke yako. Lakini ulikaa mbele ya watu ukasema "niko na mikono", kumbe mikono yenyewe ni ya Rosalie.

Makubaliano yalikuwa na wewe, si na yeye. Sitangoja mwisho wa mwaka. Nitakuja Pasaka kuwachukua.

Sufuria nimeiweka. Haiji.

Salima


Bagira, le 4 février 2024

Salima,

Kidole imepona. Ninaandika mwenyewe.

Rosalie iko na bwana. Anaitwa Cyprien, anatengenezaka milango. Bote bawili banakuya jioni. Rosalie anakaa ku kizingiti, hashike kitu. Anasema na mudomo: punguza moto, geuza, bado, bado, sasa. Mimi ninapika. Nikikosa anacheka. Njo ile kicheko inafika ku barabara. Ni mimi anacheka. Kisha Cyprien anakula kile nilipika, njo mushahara yao. Sahani za maua nilinunua juu tulikuwa na sahani ya sisi tu, na sasa bageni bananikulia chakula. Bageni, Salima. Kwangu. Banakula kile nilipika na banarudi kesho.

Ungeuliza mbele ya kuandika. Lakini imeisha.

Sasa sikia kitu ya maana. Sambaza. Asumini alikuwaka anapika sambaza na mawese, sauce iko na bukali kidogo ya uchachu. Nilijaribu. Salwa alionja, akakaa na kijiko mu mukono. Akasema: "Iko karibu. Lakini haiko ile ya maman." Ni neno ya kwanza anasema ku meza tangu matanga.

Nilitia ndimu. Akasema hapana. Nilitia tomate mbichi. Hapana. Nilitia vinaigre, ile siku ata Cyprien alikataa. Ku Nyawera niliuliza bamama bote, kila mutu ananipa yake. Mumoja alisema tunda ya maracuja. Nilitia. Usinicheke. Ulimi yangu inakumbuka ile bukali, lakini mikono haijue jina yake. Miaka yote ile nilikula nikaenda kulala. Sikuuliza ata siku moja: umetia nini?

Sijakuomba kitu tangu matanga. Leo ninaomba. Alikuwa anatia nini?

Kama utakuya Pâques kubeba batoto, kuya. Lakini uniambie kwanza.

Barthélemy


Kamanyola, 18 Februari 2024

Kwako shemeji yangu Papa Carmel,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Mpe Maman Rosalie salamu zangu na umwambie mbona kicheko chake kinafika Kamanyola. Pasaka siji. Makubaliano ni yale ya kwanza: mwisho wa mwaka wa masomo, mezani, kwa macho yangu. Usifikiri nimelegea.

Ni embe bichi. Ninalikata vipande vyembamba, ninatia chumvi, ninaanika juu ya bati mpaka linakauka na kujikunja. Huko kwenu baridi, hulioni sokoni. Kila sufuria iliyokuja kwa Asumini ilikuwa na kifuko kidogo chini ya kifuniko, yeye alikuwa anakitoa kabla hujarudi kutoka kazini. Alitaka mseme ni mkono wake. Sasa unajua.

Tangu amefariki sikuanika tena. Nilikuwa ninalitazama lile bati na kupita. Barua yako ilipofika nilitafuta maembe ya mwisho wa msimu nikapanda mwenyewe kuyaanika, na mgongo wangu huu. Sufuria imejaa mpaka juu.

Kiasi sikuambii. Asumini hakuwa anapima. Onja mwenyewe.

Salima


Bagira, le 24 mars 2024

Shemeji Salima,

Ya kwanza ilikuwa kali sana, macho ya Carmel ilitoka machozi. Ya pili kali bado. Nikaelewa: unaloweka mbele, unakamua, mawese ikishika moto njo unatia. Rosalie hakujua. Cyprien hakujua. Ni mimi nilitafuta.

Halafu nilifanya yangu. Mama yangu, kule kijijini, alikuwaka anapika bishusha na bitoke mu nyungu moja. Nilitia ile. Sambaza, embe yako, bishusha, bitoke juu. Hakuna muntu alinifundisha. Nilikuwa ninabeba mawe ku ngazi, ikaniingia mu kichwa. Ulisema mu kichwa hamuna kitu. Mulikuwa.

Salwa alionja. Akasema: "Hii haiko ya maman." Nikaweka kijiko chini. Akasema: "Hii iko ya papa." Akala. Kisha akasukuma sahani, vile anafanyaka. Nikaanza kuitoa ku meza. Akaikamata. Alikuwa anaisukuma kwangu juu nimuongeze.

Nilitoka inje kidogo kuangalia kama makaa imebaki.

Sasa banaamka, banauliza, "Papa, leo tunapika nini?" Mbele ile swali ilikuwa inanipiga kama jiwe. Sasa ninabaambia, ngojeeni, nifike soko kwanza nione nini iko mingi. Kile iko mingi njo iko muzuri. Ninapita na kifuko ku bega, na nguo ya ciment. Bamama banaanza kuniita: "Papa Bart, leo njoo huku, matembele." Yule wa lenga-lenga sasa ananiwekea ya muzuri chini ya kitambaa.

Ku chantier banaita bado Maman Bart. Lakini midi ikifika banafungua macho juu ya gamelle yangu ya chakula. Aloys alinituma niandikie muke yake vile nilipika. Nilimuambia mimi si mwalimu. Nikaandika.

Mu sufuria iko sambaza kavu, za kukaanga na chumvi. Hazitaharibika mu njia ya milima ya Ngomo. Delphin alisikia harufu, uangalie kama hakuiba zingine.

Barthélemy


Bagira, le 16 juin 2024

Shemeji Salima,

Masomo inaisha. Carmel anasema bulletin ya masomo itatoka mwisho ya juin. Kuya siku yoyote kisha pale.

Chef wa chantier alisema nikuchinjie mbuzi. Aloys alisema kuku na viazi ya frites, kama ku ndoa. Rosalie alisema pilau, juu ni chakula ya kwenu. Nilikataa bote. Hukuyi kuona vile tunakula ku ndoa. Unakuya kuona vile tunakula mardi, siku ya kazi. Nitakupikia chakula ya mardi.

Ninaandika hii juu usiseme kisha eti niliogopa.

Barthélemy


Kamanyola, 23 Juni 2024

Kwako Papa Carmel,

Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya Julai. Ninapenda chakula cha mardi.

Lakini makubaliano ni makubaliano. Nguo za watoto ziwe mu mifuko, karibu na mlango. Nisije nikaanza kutafuta viatu.

Salima


Bagira, le 21 juillet 2024

Salima,

Ninaandika vile mambo ilienda, kila kitu, juu wewe ulikuwa hapa lakini hukutoa jibu, na mimi sikuuliza.

Ulikuya. Ulileta sufuria, uliona mifuko ku mulango. Ulikaa ku kiti ya Asumini, hakuna mutu alikuambia ni kiti yake. Nilitoa fufu, nikatoa ile sauce yangu ya sambaza. Ulikula na mukono. Ulikula pole pole. Hukunisifu, hukunikosoa. Ulikuwa unaangalia Salwa tu. Salwa alikula, akasukuma sahani kwangu, wewe ukashituka, ukafungua mudomo useme kitu. Nikamuongeza. Ukafunga mudomo.

Kisha Salwa alikuuliza, "Tantine, kwenu leo mungepika nini?" Ukasema haujui. Akakuambia uende soko, uangalie nini iko mingi. Carmel alicheka mupaka maji ikamutoka mu pua. Wewe ulicheka pia, na kitambaa ku mudomo, nilikuona.

Uliamka. Nilijaza sufuria yako mupaka juu, uende nayo. Uligusa mifuko ya batoto na mukono, moja, na ingine. Ukaiacha pale. Ulisema, "Jibu nitatuma na Delphin." Ukaenda.

Wiki mbili. Mifuko ilibaki ku mulango. Batoto banachukua nguo mule asubuhi, banarudisha mule jioni. Nilipika kila siku. Siku moja niliunguza muchele, na hakuna mutu aliniita.

Leo kisha misa Delphin alisimama hapa chini. Sufuria ilikuwa mukononi yake. Nilimuuliza barua iko wapi. Akasema hakuna barua. Alisema ulimupa sufuria, ukamuambia: mupe mukononi mwake, si mwa mutoto.

Nilifungua kifuniko.

Mutupu. Hakuna chumvi. Hakuna ndimu. Umeisugua na muchanga.

Carmel alianza kulia. Yeye alikuwa ananisomea barua zako mara ingine, anazijua. Akasema, "Papa, tantine amekasirika, atakuya kutubeba, hii njo kusema mwisho." Rosalie alisimama pale ku kizingiti, mara ya kwanza hakucheka.

Niliketi na sufuria ku magoti. Nilikumbuka ile barua yako ya octobre. Nilituma Carmel aitafute, akasoma kwa sauti: ni watu wa tumbo moja tu wanaweza kurudishiana kitupu. Akarudilia kusoma. Kisha akapanguza machozi.

Nikamuambia, umeona. Nenda fungua mifuko.

Salwa njo alifungua. Nguo zote ziko sasa mu nyumba, nafasi yake, na viatu chini ya kitanda.

Leo tunapika maharagwe na viazi. Ile ya Aloys. Rosalie na Cyprien iko hapa.

Sufuria ninaituma kesho na Delphin. Wewe unajua vile niliitia kitu kila mara tangu ile barua yako, ata mara ile nilikuwa na maavoka tu. Kesho sitii kitu.

Iko mutupu. Niliisugua. Inang'aa.

Ndugu yako,
Barthélemy